Jicho la Mume Wangu na Madirisha ya Mnyambe

Msimu wa korosho ukishafunguliwa, Masasi nzima hujenga kwa pupa. Watu waliokaa mwaka mzima wakitazama kuta zisizo na madirisha huyataka yote kwa mpigo, tena kabla mvua hazijaanza. Karakana yetu iko Mkomaindo, kwenye chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi, na mlango wa chumba cha kulala unafungukia humo humo. Kwa hiyo miezi hiyo tunalala na kuamka ndani ya harufu ya alumini iliyokatwa. Wengi hawajui kwamba alumini ina harufu. Inayo, ikipata moto wa msumeno, na inakaa kwenye nywele hata ukizifunga kilemba.

Mume wangu alikuwa anakata, mimi namalizia. Napiga riveti, naingiza mpira wa kioo, nafunga vitasa, napaka silikoni, nafuta alama za vidole. Mashine ya kukatia sikuwahi kuigusa isipokuwa kuipangusa vumbi. Hakunikataza. Ilikuwa kama pande za kitanda tu: kila mtu ana wake na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Asubuhi ya ajali alikuwa anakata kipande kidogo cha kuzibia kona, kifupi kama kidole. Kipande kifupi hakikai vizuri kwenye jiriwa, kile kibanio cha mashine, akakishika kwa mkono. Miwani ya kazini alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso, kwa sababu ilikuwa imekwaruzika mpaka kutazama kupitia humo ni kama kutazama ndani ya maji. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nafuta kioo. Nikasikia mlio wa msumeno ukikwama, kisha kishindo kimoja kama jiwe limetua kwenye bati. Nilipogeuka alikuwa amesimama wima, kiganja usoni, na diski bado inazunguka.

Alisema kwa utulivu kabisa, "Zima mashine."

Nikazima.

"Nitazame."

Akaondoa kiganja. Jicho la kulia lilikuwa limefumba na halikutaka kufumbuka, na machozi yaliyokuwa yakitoka yalikuwa na damu.

Hospitali iko karibu na sisi, bodaboda ilitufikisha kabla sijapata akili ya kuvaa viatu vinavyofanana. Daktari aliyetupokea hakutuchelewesha. Alitazama, akafunika, akatuandikia kwenda kwa mtaalamu wa macho mbali na Masasi siku hiyo hiyo. Watoto nikamwachia mama yangu. Huko kwa mtaalamu walitoa kipande cha alumini chembamba kama ukucha wa mtoto, wakashona. Tuliporudi nyumbani tulikuwa na dawa za matone na masharti: asiiname, asibebe kitu, asikae penye vumbi, alale chali kadiri anavyoweza. Nilimuuliza yule mtaalamu kama jicho litaona.

"Tusubiri kidonda kipone kwanza, mama," alisema.

"Mpaka lini?"

"Tusubiri."

Mume wangu si mtu wa kusubiri. Ni mtu anayekula amesimama. Siku ya kwanza kitandani alihesabu mbao za dari kwa jicho lililobaki, kisha nalo akalifumba kwa sababu mwanga ulikuwa unaliuma. Siku ya pili akaanza kuuliza kila sauti ya nje. Nani huyo amepita? Gari gani hilo limesimama? Umefunga mlango wa karakana? Nilikuwa natoka, naingia, natoka tena, nashika kitambaa bila kufuta kitu. Vipande virefu vya alumini tunavyoviita profaili vilikuwa vimelazwa kwenye mbao ukutani vile vile alivyoviacha, rangi ya kahawia, vimefungwa karatasi zake. Vilikuwa vya nyumba ya mama mmoja wa Mnyambe, kule juu Newala. Kila nilipopita nilivigusa kama mtu anayehakikisha mlango uliokwisha kufungwa.

Yule mama akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia habari za mume wako. Mpe pole nyingi sana. Ameamkaje?"

"Anaendelea vizuri, mama."

"Tunamwombea. Sasa mwanangu, nisione aibu kukwambia. Mimi huku nalala jikoni na wajukuu."

Nilijua. Nyumba yake ya zamani alikuwa ameibomoa ili mabati yake yaezeke nyumba mpya. Nyumba mpya ilikuwa na kuta, paa na matundu ya madirisha yaliyo wazi, na huko juu upepo wa Novemba unaingia kwenye tundu la dirisha kama mwenye nyumba. Alikuwa mtu mzima, mjane, anayelima korosho zake mwenyewe, na hakuwa na ubaya wowote. Angekuwa na ubaya ingekuwa rahisi kwangu. Ningekasirika, basi.

Nilimwambia mume wangu. Akasema tumpe kazi fundi mwingine. Nikazunguka mjini tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kila karakana niliyoingia ilikuwa na profaili zimejaa mpaka barazani. Mmoja alinicheka, si kwa kejeli, kwa uchovu. "Shemeji, mimi mwenyewe natafuta wa kumpa zangu." Nikarudi nikamkuta mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, wakati alitakiwa kulala.

"Hakuna," nikamwambia.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Kidole gumba chake kikasugua ukingo wa kitanda, kikienda na kurudi. Nikavua kilemba, nikakifunga upya kwa kukaza, nikaenda kuwasha mashine. Sikuwa nimeamua. Niliona tu kwamba siwezi kukaa tena ndani ya nyumba ile bila mikono yangu kufanya kitu.

Nilikuwa nimemwona akikata miaka yote ya ndoa yetu na nilidhani kuona ni kujua. Nikavaa miwani, nikalaza profaili, nikakaza jiriwa, nikashusha msumeno. Ulilia vibaya. Profaili ilitetemeka mpaka meno yangu yakatetemeka nayo, na katikati diski ikawa kama inatafuna ubani. Nikakandamiza. Ikakata kwa kuchana. Nilipotoa kipande, ukingo wake ulikuwa na michirizi na vinyuzi vya alumini vinavyokwaruza, na kwenye meno ya diski kulikuwa na alumini imeganda kama ukoko wa ugali sufuriani.

Kutoka chumbani ikaja sauti. "Unasukuma!"

Nikakata kingine.

"Unasukuma, mama watoto!"

"Nasukuma kwa sababu haikati!"

"Haikati kwa sababu unasukuma!"

Nilizima mashine nikaenda kusimama mlangoni kwake. Alikuwa amelala chali kama alivyoagizwa, bandeji upande mmoja, jicho jingine limefumbwa, na uso umekunjamana kama mtu anayesikia mtoto wake akipigwa. Nikamwambia akitaka nikate anifundishe, na akitaka kupiga kelele apige, lakini achague kimoja. Alipumua. Kisha akaanza kusema, polepole, macho yakiwa yamefumbwa, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiweka kazi yake kwenye maneno.

Alumini ni laini, alisema, na kwa kuwa ni laini inadanganya. Unaona kama itakubali tu. Ukiiharakisha inapata moto, inayeyuka kidogo, inagandia kwenye meno, na meno yaliyogandiwa hayakati tena, yanasugua. Kwa hiyo kwanza nichokoe meno yote kwa msumari, moja moja. Kisha nipake nta ya mshumaa kwenye diski kabla ya kila mkato. Nisishushe msumeno mpaka mlio wake utulie, kwa sababu mwanzoni unapanda, unapanda, halafu unanyooka, na ule mnyooko ndio ruhusa. Nishushe kwa uzito wa mkono, si kwa uzito wa bega. Na mwisho, kabla haijakatika, nipunguze zaidi, kwa kuwa hapo ndipo inapochanika.

"Na upande wa pili umeweka nini?"

"Upande gani?"

"Ule mkia. Profaili inaning'inia, ndiyo maana inatetemeka. Weka kigoda chini yake, weka na ubao, mpaka ilale sawa."

Nilichokoa meno. Nilipaka nta. Niliweka kigoda na ubao. Mlio ulipanda, ukapanda, ukanyooka. Niliposhusha mkono, msumeno uliingia kwenye alumini kwa sauti nyingine kabisa, nyembamba, kama kitambaa kipya kinachopasuliwa dukani. Sikugeuka kutazama chumbani. Nikampelekea kipande, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, mwanzo mpaka mwisho.

"Hiki kina ndevu kidogo," alisema. Ndevu ndilo jina letu la vile vinyuzi vinavyobaki. "Lakini ni kidogo. Pitisha tupa mara moja tu, usikwangue rangi."

Nilidhani tumeshavuka pagumu. Tulikuwa hatujafika kwenye kona. Fremu ya dirisha inakutana kwenye kona kwa mkato wa mshazari, nyuzi arobaini na tano huku na arobaini na tano kule, na mikato yote miwili ikiwa safi lakini kosa la nywele moja likiwepo, kona inaacha mdomo wazi. Kona zangu zilikuwa midomo mitupu. Nilizungusha mashine, nikaweka alama kwenye namba yake, nikakata, nikaunganisha, nikaona mwanga unapita. Nikarudia. Umeme ukakatika. Nikakaa juu ya ndoo nikiwa nimeshika vipande viwili, navikutanisha na kuviachanisha, mpaka umeme uliporudi.

"Usiiamini ile namba ya mashine," aliniambia jioni wakati namwekea dawa ya matone. "Imelegea tangu mwaka juzi. Mimi nilikuwa naisogeza kwa mazoea. Chukua skwea ya kupimia kona, uiweke kwenye diski yenyewe, ufunge mashine hapo. Na vile vipande vinavyolingana vikate na kizuizi, cha pili kikifika pale kilipofika cha kwanza. Usipime mara mbili kwa tepu. Tepu nayo ina mambo yake."

"Mbona hukuniambia mchana?"

"Nilikuwa sijui kwamba najua," akasema. Na tone likamwangukia shavuni badala ya jichoni.

Siku zilizofuata nilikata. Mapipa ya mabaki yalijaa na nilijua ni mali iliyoharibika, lakini kila siku yalijaa polepole kuliko jana. Shida yangu ikawa si mashine tena. Shida ilikuwa yeye. Kadiri mlio ulivyokuwa mzuri ndivyo alivyozidi kutotulia. Kwanza alihamia kiti cha plastiki mlangoni mwa chumba. Nikamfukuza kwa ajili ya vumbi. Akarudi amejifunga kanga yangu usoni kama bibi harusi. Nikacheka, yeye hakucheka. Alianza kuomba kila kipande akipitie kwa kidole, hata vile nilivyojua ni safi, na alipokosa ndevu za kusema alisema kuhusu kelele, kuhusu taa, kuhusu jinsi nilivyopanga vipande. Nilimjibu vibaya. Watoto walikuwa wamesharudi kutoka kwa bibi yao, na mkubwa alianza kula haraka ili atoke nje.

Asubuhi moja nilikwenda sokoni kununua dagaa na nyanya. Nilipokuwa narudi, bado niko upande wa pili wa barabara, nikasikia mashine yetu inapanda. Inapanda, inapanda. Nilimwaga nyanya. Sikumbuki kuvuka. Nilipoingia alikuwa amesimama mbele ya mashine, bandeji ameivua na kuitundika kwenye msumari, jicho la kulia limefunuka, jekundu, linang'aa bila kutazama popote, mkono wa kushoto ameulaza juu ya profaili na wa kulia unatafuta mpini. Nasema unatafuta. Ulikuwa unashika hewa mbele ya mpini. Na mkono wa kushoto ulikuwa karibu na diski kuliko alivyojua.

Sikupiga kelele, kwa sababu mtu aliye mbele ya msumeno hashtuliwi. Nilikwenda ukutani nikachomoa waya kwenye soketi. Diski iliendelea kuzunguka peke yake, ikashuka sauti, ikasimama. Ndipo akajua niko nyumbani.

"Nilitaka kuona tu," alisema.

"Kuona nini?"

"Kama naweza."

Nikamwambia kwa sauti ambayo sikuipenda mwenyewe, "Haya. Shika mpini."

Alinyoosha mkono kwa uhakika wa mtu anayechukua kikombe chake. Vidole vikafumba kabla ya mpini. Akavirudisha. Akanyoosha tena, taratibu, kama anaingiza mkono kwenye shimo, mpaka ncha za vidole zikagusa plastiki. Alicheka, na kilikuwa kicheko kibaya.

"Uko pale," alisema, "na mimi nauona hapa."

Nilimwambia labda ni kwa sababu jicho halijapona. Alisema labda. Alichukua bandeji msumarini, nikamsaidia kuifunga, na tulipomaliza mikono yake ilibaki imeshika viwiko vyangu. Hakulia. Aliniuliza nyanya ziko wapi.

Madirisha yalikamilika na mvua haikuwa imefika. Nilimwambia mume wangu nitakwenda Mnyambe na dereva tu, yeye apumzike. Asubuhi nikamkuta amekaa kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo tulichokodi, kiti cha mbele, amevaa koti. Sikuwa na nguvu ya kugombana. Tulipakia fremu zimefungwa mablanketi ya nyumbani, kioo katikati ya magodoro, na mashine tukaiacha kwa sababu kule hakukuwa na umeme bado. Njia nzima dereva aliongea habari za bei ya korosho. Tulipopanda kuelekea Newala hewa ikawa baridi, na mawingu yalikuwa yamekaa chini juu ya mikorosho, meusi upande mmoja.

Yule mama alitupokea barabarani akiwa na wajukuu wake. Tukamwamkia, akatuitikia, akamtazama mume wangu usoni kwa muda mrefu bila kuona haya, kama watu wazima wanavyofanya.

"Jicho linauma?"

"Halinisumbui, mama."

"Na madirisha amekata nani?"

"Mke wangu."

Alinigeukia. Akasema kitu kwa Kimakonde na wajukuu wakacheka. Mimi ni Mmakua na nilidaka nusu yake tu, kitu kuhusu mikono. Kisha akatukaribisha ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, tukala tumesimama, na mara hii mimi pia sikuweza kukaa.

Madirisha ya mbele yaliingia bila maneno. La chumba kikubwa likaingia. Lile la chumba chake mwenyewe, la nyuma, likakataa. Mume wangu alikuwa amepima tundu kabla ya ajali, lakini baadaye fundi wa kuta alikuwa amepiga lipu ukutani na kuiongeza upande mmoja chini. Tundu lilikuwa limepinda. Fremu ilibaki nje kwa unene wa kidole, na ngurumo ya kwanza ikasikika upande wa Ruvuma.

"Vunja lipu," dereva alishauri.

Yule mama akasema lipu ile isiguswe, imepigwa juzi tu. Wote wakanitazama. Nilitoa riveti, nikafungua fremu, nikashusha profaili ya chini barazani. Tulikuwa na msumeno wa mkono, tupa, mshumaa. Nilichora mstari wa mshazari kwa skwea. Nilipoanza, msumeno ukateleza na kuacha mkwaruzo kwenye rangi ya kahawia. Mvua ilikuwa inanusika. Mikono ilitaka kukimbia.

Mume wangu alipiga magoti. Daktari alikuwa amemkataza kuinama, nikafumbua mdomo, akatikisa kichwa. Akaushika ule mwisho wa profaili kwa viganja viwili, akaukandamiza kwenye ubao na kifua chake, kichwa amekigeuzia pembeni, macho yote mawili yamefumba. "Vuta nyuma kwanza," alisema. "Usikate. Vuta tu, mara mbili tatu, mpaka ujitengenezee njia." Nikavuta. Njia ikapatikana. Nikapaka nta, nikakata kwa mivuto mirefu, meno yote ya msumeno yakifanya kazi, na kupitia profaili nilihisi anavyokaza pale ninapoharakisha na kulegeza pale ninapokwenda sawa. Kipande kilipodondoka alikipapasa, akakitupa majanini.

Tulipoipandisha fremu tena matone ya kwanza yalikuwa yanapiga mabati. Iliingia. Kona moja iliacha uwazi mdogo, nikauziba kwa silikoni, na mpaka leo najua uko wapi. Mvua ilishuka tukiwa tunaweka kioo cha mwisho, mume wangu akikishikilia kutoka nje, shati na koti vimemganda mwilini, mimi ndani nikibana mpira kwa kidole gumba mpaka ukucha ukauma. Wajukuu walikuwa wanakimbia kuleta magodoro kutoka jikoni. Yule mama alisimama katikati ya chumba chake akitazama maji yakiteremka kwenye kioo. Alikwenda akakigusa. Kisha akafungua dirisha, mvua ikampiga usoni, akalifunga. Akafungua tena.

"Linafunguka," alisema.

"Linafunguka, mama."

"Haya. Badilisheni nguo mtaugua."

Tuliondoka mvua ilipopungua, mume wangu amevaa shati la marehemu mume wa yule mama. Barabara ilikuwa imejaa ukungu, ule wa Newala unaotembea kama moshi wa mashamba. Nilikuwa nimekaa katikati, naye dirishani. Nikaona anaziba jicho la kushoto kwa kiganja, anatazama mbele. Anaondoa. Anaziba la kulia. Anarudia.

"Huu ukungu," alininong'oneza, dereva asisikie, "na wewe unauona?"

"Nauona. Ni mwingi."

"Kweli?"

"Kweli. Hata dereva amewasha taa."

Akaegemea kiti. Lakini mkono ulirudi usoni tena, na tena, mpaka tuliposhuka chini na hewa ikasafika, na hapo akaacha kuuliza.

Jicho halikurudi. Mtaalamu alimwambia kwa upole kwamba litatofautisha mwanga na giza, basi. Njiani kurudi alinunua miwani myeusi, akaivaa siku mbili, akaigawa. Kuna wiki alizotembea tu. Anatoka asubuhi, anakwenda kwa kaka yake Lukuledi kutazama mikorosho ya baba yao, anarudi na viatu vyekundu kwa vumbi, hajui alichokwenda kufanya. Mimi nilikuwa nakata. Wateja wengine wakiingia walimuuliza yeye maswali, yeye akawaelekeza kwangu kwa kidevu, na nilishindwa kujua kama alikuwa ananipa kazi ile au anaitupa.

Majirani wa yule mama wa Mnyambe ndio waliotubadilishia maisha, bila wao kujua. Mmoja alitaka madirisha, kisha mwingine, kisha mwalimu mmoja wa Newala mjini. Mtu alihitajika kupanda kupima, na kupima hakuhitaji macho mawili. Alianza kwenda na kulala huko. Ana namna yake sasa: anapitisha kiganja tundu zima kabla ya kutoa tepu, na lipu iliyopinda haimpiti tena. Ananipigia simu kunitajia vipimo, mimi nakata Mkomaindo, kirikuu inapandisha. Amepanga chumba Newala. Anasema baridi ya huko inamfaa, watu wanajenga, tuhamie wote, tufungue karakana huko huko. Mimi nasema watoto wanasoma hapa, wateja wangu wako hapa. Nilisema wateja wangu. Alilisikia neno hilo kwenye simu, akauliza kama tumeshakula.

Mwezi uliopita alikuja akakaa nyumbani siku chache. Mchana mmoja alisimama nyuma yangu nikiwa nakata mlango wa duka, nikasubiri aseme kitu. Alichukua ule mkia wa profaili akaushika usawa, kigoda kikiwa pale pale bila kazi, na nikakata mlango mzima hivyo. Kesho yake alipanda tena Newala.

Leo amepiga simu asubuhi mapema. Kuna nyumba ya vyumba vingi karibu na barabara ya Mnyambe, mwenyewe anataka milango na madirisha yote. Amenitajia vipimo, nikavirudia, akasahihisha kimoja.

"Utakuja kufunga na mimi?" ameniuliza. "Ni kazi kubwa. Ukija utaona na chumba nilichopanga. Kina baraza."

"Nitaona."

"Hiyo ni ndiyo au siyo?"

"Nitaona, baba watoto."

Nimelaza profaili ya kwanza, nimekaza jiriwa, nimepaka nta. Umeme umekatika. Nimezunguka karakana, nimepanga riveti zilizokwisha kupangwa, nimetoka barazani kutazama kama majirani nao hawana. Hawana. Nimerudi, nimesimama, mkono juu ya mpini, nasubiri umeme, na baba watoto bado sijamjibu.